Picha Bila Daftari ni Bubu

Siku hizi mtu akikaa kijijini siku mbili na simu yake, anarudi na picha mia tano. Baada ya mwaka muulize: huyu bibi anasuka nini, na mbona amekaa uani wala si barazani? Hajui. Sisi tunaotunza picha makumbusho tunazo nyingi za namna hiyo, nzuri lakini bubu.

Wanaanthropolojia Gregory Bateson na Margaret Mead waliliona tatizo hili mapema. Walipokwenda kisiwani Bali mwaka 1936, Bateson alishika kamera, Mead daftari, na saa ikaandikwa kote kuwili ili picha ikutane na maelezo yake. Walipiga picha zipatazo 25,000. Kitabu chao cha 1942 kina 759 tu. Kwangu mimi, ustadi wao uko kwenye huko kuchambua.

Chukua ususi wa mikeka ya ukindu huku kwetu Pwani. Kamera hunasa vidole, rangi za chane, yaani vipande vyembamba vya ukindu, na ukili, ule utepe unaosukwa, unavyorefuka. Hainasi nani aliyekwenda kukata ukindu, mkeka ni wa harusi ya nani, wala kwamba msusi ameshafumua mara mbili tangu asubuhi. Hayo yanataka ukae jamvini, unyamaze, halafu ujaribu kusuka mwenyewe uchekwe. Ukishachekwa ndipo unaelekezwa chane inalazwa vipi.

Kisha zisafishe picha uzirudishe kwa wenyewe. John Collier, mpiga picha na mwanaanthropolojia, alieleza mwaka 1957 jinsi mahojiano yanavyonoga watu wanapokuwa na picha mkononi, nami nimeyaona. Nilipeleka picha niliyoipiga kwa ajili ya ukili. Akina mama hawakuutazama hata kidogo. Walisoma kanga ya aliyekaa nyuma, “Japo sipati tamaa sikati”, wakaangua kicheko. Nusu saa nzima nikasikilizishwa habari za posa iliyokwama. Nikaomba kuziandika, nikakubaliwa nusu.

Ruhusa nayo haiombwi mara moja. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ila hata bila sheria, kukubali kupigwa picha si kukubali kutundikwa ukutani. Bibi msusi nilipomrudia kumuuliza habari ya maonyesho, aliitazama picha yake kwa muda.

“Mikono sawa,” akasema. “Uso niachie.”

Tuliyoitundika ni ya mikono.