Per diem ya dereva wa lori Marekani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Ndugu zetu wengi waliofika Marekani kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania wameshika usukani wa trela, na per diem, yaani posho ya chakula ya kila siku dereva akiwa safarini, ni jambo wanalolisikia mapema, mara nyingi siku ileile ya kusaini kazi. Wanaambiwa ni pesa isiyokatwa kodi. Hilo ni kweli. Tatizo ni yale yanayojengwa juu ya ukweli huo, maana yanawaumiza watu wanaolisha familia huku na nyumbani pia.

"Per diem ni nyongeza juu ya mshahara."

Kwa madereva wengi walioajiriwa si nyongeza. Ni malipo yaleyale ya maili yaliyogawanywa mafungu mawili: mshahara unaotozwa kodi na posho isiyotozwa. Tupige hesabu. Dereva anaishi Texas, jimbo lisilo na kodi ya mapato, mkewe hana kipato na wanajaza kodi pamoja. Analipwa senti 60 kwa maili na kwa wiki anaenda maili 2,500: dola 1,500. Kampuni inamwekea mpango mpya: senti 45 mshahara, senti 12 per diem. Jumla ni senti 57, yaani dola 1,425. Kabla kodi haijaguswa, dola 75 zimeshaondoka.

Mshahara unaotozwa kodi umeshuka hadi dola 1,125. Kwenye zile 375 zilizopungua anaepuka kodi ya mapato ya 12% na makato ya Social Security (pensheni ya taifa) na Medicare (bima ya afya ya wazee) ya 7.65%, jumla dola 73.69. Kwa hiyo mkononi amepungukiwa dola 1.31 kila wiki. Kampuni nayo imebaki na zile 75, na imeepuka kulipa sehemu yake ya 7.65%, dola 28.69. Faida yote imekwenda upande mmoja.

Ipo mipango ya haki. Kampuni ikikuachia senti 60 zako zote, 48 zikiwa mshahara na 12 posho, utabaki na karibu dola 59 zaidi kwa wiki. Kwa hiyo usiulize tu kama wanalipa per diem. Uliza jumla ya senti kwa maili ni ngapi ukiwa ndani ya mpango na ukiwa nje, na kama kuna ada ya kuuendesha.

"Pesa isiyokatwa kodi haina hasara."

Pensheni ya Social Security hukokotolewa kwa mapato ya miaka 35 uliyopata zaidi, na per diem haihesabiwi humo. Dereva wetu wa Texas anaandikiwa pungufu ya dola 375 kila wiki. Kwa wiki 50 ni dola 18,750. Kijana anaweza kuona uzee uko mbali, lakini akienda benki kuomba mkopo wa nyumba wataangalia mshahara ulioandikwa kwenye W-2, fomu ya mwaka ambayo mwajiri humpa mwajiriwa, nao utaonekana mdogo kuliko kazi anayofanya. Akiumia kazini, fidia nayo mara nyingi huanzia kwenye mshahara huohuo.

"Kampuni isiponilipa, nitaidai mwenyewe nikijaza kodi."

Mwajiriwa wa W-2 hawezi. Sheria ya Desemba 2017 iliondoa nafuu hiyo kwenye kodi ya taifa kuanzia mwaka 2018. Wengi walitarajia irudi mwaka 2026, lakini sheria ya Julai 2025 imeifunga moja kwa moja. Mtayarisha kodi akikuahidi kuiingiza, kumbuka sahihi ni yako, na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, itakuja kwako.

"Anayejiajiri anakata dola 80 zote kwa kila siku."

Kiwango cha chakula kwa madereva ndani ya Marekani ni dola 80 kwa siku tangu Oktoba 1, 2024, lakini kinachokatwa kwenye faida ni 80% yake, dola 64. Siku ya kuondoka na ya kurudi huhesabiwa robo tatu tu. Siku 250 kamili zinapunguza faida inayotozwa kodi kwa dola 16,000. Hizo si dola 16,000 za kurudishiwa. Ni kodi inayoshuka, pamoja na ile 15.3% ya Social Security na Medicare anayolipa aliyejiajiri. Risiti za chakula hazihitajiki, hata kama unajipikia ugali wako ndani ya kebini. Hoteli ni habari nyingine: hiyo unakata kwa risiti, kwa gharama halisi.

"Ukilala kwenye lori, unastahili."

Lazima uwe na makazi unayoyaacha. Vijana wengi huachia apatimenti ili kuokoa kodi ya nyumba, wakaishi kwenye lori na kutumia anwani ya rafiki. Kwa macho ya IRS mtu huyo hayuko safarini, kwa sababu hana kwao pa kuwa mbali napo, na per diem yake inaanguka yote. Dereva wa mjini anayerudi kulala kwake kila usiku naye haimhusu.

Ushahidi wa siku zako ni kumbukumbu za kifaa cha kielektroniki kilichomo ndani ya lori, kinachorekodi saa zako za kuendesha. Sheria inailazimu kampuni kuzitunza kwa miezi 6 tu, ilhali IRS kwa kawaida ina miaka 3 ya kukukagua. Zipakue kila mwezi na uzihifadhi kwako, na ukibadilisha kampuni fanya hivyo kabla hujarudisha funguo.