Imani ya Mwalimu Nyerere: yasemwayo na yalivyokuwa

Kila Oktoba 14, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, inapokaribia, maneno juu ya dini ya Mwalimu huanza upya, na mengine hayana mguu wa kusimamia.

"Alizaliwa Mkatoliki."
Hapana. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaitwa Kambarage. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki, alikuwa na wake wengi na alishika mila za wazee wake mpaka alipofariki mwaka 1942. Ukatoliki kijana huyu aliukuta alipokwenda shule. Alibatizwa Desemba 23, 1943, akiwa na miaka 21, na hapo ndipo lilipoingia jina la Julius. Kwangu hili ndilo zito kuliko yote: dini yake hakuachiwa na baba, aliichagua akiwa mtu mzima.

"Mjamaa hamchi Mungu."
Waliochanganya ujamaa na ukomunisti walilisema sana hili baada ya Azimio la Arusha, 1967. Mwalimu alijibu kwamba ujamaa unahusu jinsi watu wanavyoishi pamoja hapa duniani. Mtu na Mungu wake ni shauri lake mwenyewe. Naye alikuwa mtu wa misa, si ya Jumapili tu. Tena aliona imani yenyewe ndiyo inayodai haki. Mwaka 1970, mbele ya masista wa Maryknoll, shirika la Kikatoliki la kimisionari, huko New York, alilionya Kanisa kwamba lisiposhiriki kupinga mifumo inayowatia watu katika ufukara na unyonge, halitakuwa na maana tena kwa binadamu. Maneno hayo hayatoki kwa asiyeamini. Yanatoka kwa mwana wa nyumbani.

"Shule za Kanisa lake hazikuguswa."
Zilitaifishwa pamoja na nyingine, kwa sheria ya mwaka 1969. Hata Pugu, shule ya Wakatoliki aliyofundisha mpaka alipojiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilichukuliwa na serikali.

"Ameshatangazwa mtakatifu."
Bado. Jimbo la Musoma lilifungua mchakato mwaka 2005, na Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu. Kuitwa mwenyeheri, kisha mtakatifu, ni hatua za mbele.

Anayetaka kumsikia mwenyewe asome tenzi zake: Injili zote nne alizigeuza mashairi ya Kiswahili, zikachapishwa mwaka 1996, miaka mitatu kabla hajafariki.