Kujenga upya timu: maana yake, na kwa nini warushaji ndio wanaowaumiza mashabiki

Katika besiboli ya Marekani, timu inayojengwa upya ni timu ambayo uongozi wake umeamua kwa makusudi kutogombania ubingwa kwa miaka kadhaa. Wachezaji wazoefu wenye mishahara mikubwa wanapelekwa timu nyingine kwa kubadilishana na chipukizi, bajeti inashushwa, na nafasi zilizobaki wazi wanapewa vijana au watu wa kuziba pengo. Hesabu ni kwamba baada ya miaka mitatu, minne au mitano, chipukizi wale watakomaa kwa pamoja, nao wakiwa bado hawajawa ghali, kwa sababu mchezaji hutumikia miaka sita katika ligi kuu kabla ya kuwa huru kujiuza anakotaka.

Kwa aliyekulia na Ligi Kuu ya Tanzania au ya Kenya, jambo hili linashangaza, maana huku timu ikijiachia hivyo msimu mmoja tu inashuka daraja. Ligi kuu ya besiboli, MLB, ina timu 30 na hakuna inayoshuka. Ukipoteza mechi 100 kati ya 162, mwakani uko palepale, na fedha za televisheni zinaingia kama kawaida. Tena kufanya vibaya kuna faida: kila mwaka timu huchagua vijana wapya kutoka sekondari na vyuo kwa utaratibu uitwao drafti, na kwa miaka mingi aliyeshika mkia ndiye aliyeanza kuchagua. Kuanzia drafti ya 2023 ligi iliweka bahati nasibu kwa nafasi za mwanzo ili kupunguza tamaa ya kupoteza kwa makusudi, lakini timu dhaifu bado ndizo zenye nafasi kubwa ya kubahatika.

Shabiki akielezwa mpango huu siku ya kwanza, mara nyingi anaukubali. Anachoshindwa kuvumilia baadaye ni warushaji.

Mrushaji ndiye anayeanzisha kila tukio la mchezo. Anasimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji wa timu pinzani, na hakuna kinachotokea mpaka mpira utoke mkononi mwake. Mpigaji dhaifu unaweza kumficha mwishoni mwa orodha; anapata nafasi nne tu kwa siku. Mrushaji dhaifu humfichi popote. Kibaya zaidi, besiboli haina dakika 90. Mechi ina zamu 9, na kila zamu inaisha pale tu wapigaji watatu wa upande wa pili wanapotolewa. Katika soka, timu ikiwa nyuma kwa mabao manne, saa inaihurumia, refa atapuliza filimbi na watu watakwenda nyumbani. Katika besiboli hakuna filimbi. Mrushaji asiyeweza kumtoa mtu ataendelea kupigwa, mikimbio, ambayo ndiyo mabao ya besiboli, itaingia miwili, mitano, minane, na zamu ileile bado inaendelea. Shabiki aliyeketi pale na watoto wake hana la kungojea isipokuwa kocha atoke kwenye benchi, atembee polepole hadi kwenye kichuguu na kumnyang'anya mpira.

Mfano ninaoujua vizuri ni Baltimore Orioles. Mwaka 2018 timu ilipoteza mechi 115. Julai mwaka huohuo iliwaachia nyota wake Manny Machado, Zach Britton, Kevin Gausman na Jonathan Schoop, na Novemba akaajiriwa Mike Elias kuongoza ujenzi mpya. Elias alitoka timu ya Houston Astros, ambako mpango wa namna hii ulikuwa umeleta ubingwa mwaka mmoja kabla. Watu wa Baltimore waliambiwa wawe na subira, na wengi walikuwa tayari kuwa nayo.

Ukaja msimu wa 2019. Warushaji wa Orioles waliruhusu homurani 305, yaani mipira 305 iliyopigwa ikapita juu ya ukuta. Hakuna timu katika historia ya ligi kuu iliyowahi kufika huko. Rekodi ya awali ilikuwa 258, ya Cincinnati mwaka 2016. Ni karibu homurani mbili kwa kila mechi, kutwa kucha, miezi sita. Gleyber Torres wa New York Yankees peke yake aliwapiga 13. Uwanja wao wa Camden Yards, ambao zamani ulikuwa haukosi watu, ulifika mahali mechi moja ya Aprili ikahudhuriwa na watu chini ya 7,000.

Homurani zile hazikutokana na uzembe wa vijana waliokuwa kwenye kichuguu, na naona ni dhuluma kuwazomea. Timu ya besiboli hucheza karibu kila siku, kwa hiyo huwa na warushaji watano wa kuanza wanaopokezana, kila mmoja akipumzisha mkono siku nne hivi. Wa kuanza mzuri hufika zamu ya sita au ya saba. Akitolewa zamu ya tatu kwa sababu ameshapigwa, zimebaki zamu sita za kurushwa na warushaji wa akiba. Kesho wale wa akiba wamechoka, na anayeanza kesho naye anatolewa mapema. Keshokutwa inabidi kupigwa simu Norfolk, Virginia, kwenye timu ya daraja la chini, aletwe mtu yeyote mwenye mkono uliopumzika. Anarusha zamu tatu, anapigwa, anarudishwa Norfolk, analetwa mwingine. Kila siku mashabiki wanauliza swali lilelile, leo anarusha nani, na jina wanalotajiwa hawajawahi kulisikia.

Tazama usiku mmoja wa Julai 2019, ugenini dhidi ya Los Angeles Angels. Baada ya zamu 9 timu zilikuwa sare, mechi ikaendelea hadi zamu 16, kwa muda wa zaidi ya saa sita. Orioles wakiongoza 10-8, warushaji walikuwa wamekwisha kabisa. Kocha Brandon Hyde akampa mpira Stevie Wilkerson, mchezaji wa nje ambaye kazi yake ni kudaka mipira ya mbali. Wilkerson akarusha mipira ya polepole, chini ya kilomita 100 kwa saa, wakati mrushaji wa kawaida wa ligi kuu anapita 145. Akawatoa watatu mfululizo, mechi ikaisha, na akawa mchezaji wa kwanza asiye mrushaji kuandikiwa kuokoa ushindi, yaani kumaliza mechi akilinda uongozi mdogo, tangu takwimu hiyo ianze kuhesabiwa rasmi mwaka 1969. Baltimore ilifurahi kwelikweli usiku ule. Lakini furaha ya aina hiyo inakuonyesha jinsi ghala la warushaji lilivyokuwa tupu.

Warushaji hupimwa kwa wastani wa mikimbio wanayoruhusu kwa kila zamu 9, bila kuhesabu ile iliyoletwa na makosa ya wenzao. Ukiwa chini ya 3.50 umefanya kazi nzuri. Ukivuka 5 hali si shwari. Mwaka 2021, mwaka wa tatu wa mpango wa Elias, warushaji wa Orioles wote kwa pamoja walikuwa na 5.84, wabovu kuliko timu zote 30. Agosti walipoteza mechi 19 mfululizo. Hapo ndipo subira ya wengi ilipokatika, na sidhani kama kuna anayeweza kuwalaumu.

Kwa nini basi uongozi usianze na warushaji, kama wao ndio kidonda? Jibu lipo kwenye kiwiko. Kurusha mpira kwa kasi ile ni kuuvuta mshipa unaoshikanisha mifupa ndani ya kiwiko hadi ukingoni mwa uwezo wake, mara 90 au 100 kwa mechi, na mishipa hiyo inakatika. Upasuaji wa kuirekebisha unaitwa Tommy John, kwa jina la mrushaji aliyefanyiwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974 na daktari Frank Jobe, na anayefanyiwa hukaa nje mwaka mzima au zaidi. John Means ndiye aliyekuwa nuru pekee ya Baltimore katika miaka ile. Mei 2021, kule Seattle, alimaliza mechi nzima bila kuruhusu hata pigo moja salama. Aprili 2022 kiwiko kikamwangusha.

Ndiyo maana Elias, akipata nafasi za juu kwenye drafti, aliwachukua wapigaji: Adley Rutschman wa kwanza kabisa mwaka 2019, Gunnar Henderson mwaka huohuo, Heston Kjerstad 2020, Colton Cowser 2021, Jackson Holliday wa kwanza kabisa tena 2022. Mpigaji wa miaka 21 ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa mzima akifika 25. Kwa upande wa warushaji, mpango ulikuwa kuwapata wengi kwa bei nafuu na kuona nani atadumu. Desemba 2019 walimtoa Dylan Bundy kwa Angels wakapewa vijana wanne, wote warushaji, mmoja wao Kyle Bradish. Kwa shabiki wa siku ile, hiyo ilikuwa habari ya kumpoteza mrushaji anayemjua na kupewa majina. Bradish hakuonekana Baltimore mpaka 2022, na 2023 akawa miongoni mwa warushaji bora wa ligi, wastani wake 2.83. Mwaka 2024 naye akaenda kwa daktari wa viwiko.

Mantiki hiyo naikubali. Ila ina nusu ya pili, na hasira ya Baltimore inatokana na nusu hiyo ya pili. Houston walipoteza mechi 106, 107 na 111 kuanzia 2011 hadi 2013, wakakuza wapigaji, lakini walipoona ubingwa uko karibu walitoa chipukizi wao ili kumchukua Justin Verlander kutoka Detroit, usiku wa Agosti 31, 2017. Alishinda mechi zake zote tano za msimu wa kawaida zilizobaki, akawa mchezaji bora wa fainali ya American League, moja ya ligi mbili zinazounda MLB, na Houston wakatwaa ubingwa, ambao baadaye ulitiwa doa na kashfa ya kuiba ishara za siri za wapinzani. Chicago Cubs walikuza wapigaji vilevile, kisha mwishoni mwa 2014 wakamlipa mrushaji Jon Lester dola milioni 155 kwa miaka sita. Mwingine, Jake Arrieta, walimpata mwaka 2013 kutoka Baltimore, timu iliyokuwa imemkatia tamaa. Mwaka 2016 Cubs walichukua ubingwa wao wa kwanza tangu 1908. Kwa hiyo kujenga upya, kwa maana yake kamili, ni kukuza wapigaji na kisha kununua warushaji. Ukifanya la kwanza ukaacha la pili, hujamaliza.

Orioles walipanda kweli. Kabla ya msimu wa 2022 walirudisha nyuma na kuinua ukuta wa upande wa kushoto wa Camden Yards, hatua iliyowaokoa warushaji na homurani nyingi. Mwaka huo walishinda mechi 83, na 2023 wakashinda 101. Februari 2024 wakampata Corbin Burnes kutoka Milwaukee, mrushaji wa kiwango cha juu hasa, na kwa msimu mmoja Baltimore ilijua raha ya kulala ikijua kesho anarusha nani. Kwenye mtoano alirusha zamu nane, akaruhusu mkimbio mmoja tu dhidi ya Kansas City, na timu ikapoteza 1-0. Safari hiyo wapigaji ndio waliolala, na ni haki kulisema hilo.

Burnes aliondoka kwenda Arizona kwa dola milioni 210 za miaka sita. Kuziba pengo lake, Orioles walimsajili Charlie Morton, aliyekuwa na umri wa miaka 41, na wengine kwa mikataba mifupi. Aprili 20, 2025, siku ya Pasaka, walifungwa 24-2 na Cincinnati nyumbani kwao. Mei Brandon Hyde akafukuzwa. Msimu ukaisha kwa ushindi 75 na vipigo 87. Kuna wanaosema uongozi ulikuwa sahihi kutomlipa Burnes, kwa kuwa Juni 2025 naye alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Sikubaliani nao. Hatari ya kiwiko ni sababu ya kuwa na warushaji wazuri wengi, kwa sababu mmoja wao lazima ataumia. Mwaka 2019 kipigo cha 24-2 kingeitwa bei ya kesho. Mwaka 2025, Rutschman na Henderson wakiwa tayari wakubwa na miaka yao sita ikizidi kupungua, kesho ilikuwa imeshafika.

Novemba 2025 walimtoa Grayson Rodriguez, mrushaji waliyemlea tangu drafti ya 2018 na ambaye majeraha yalimnyima msimu mzima, wakampata mpigaji Taylor Ward kutoka Angels. Mwezi uliofuata wakafanya kile ambacho mashabiki walikuwa wakikililia: walitoa chipukizi kadhaa kwa Tampa Bay, wakamchukua Shane Baz, mrushaji wa kuanza.