Je, wajua kwa nini sasisho moja huipa simu ya zamani kasi na jingine huifanya ikwame?

Nexus 7 ilikuwa tableti ndogo ya Google iliyotengenezwa na Asus, ikaingia sokoni mwaka 2012 ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) ya GB 1. Haikuchukua muda mrefu wengi wakaanza kulalamika kwamba imekuwa nzito: unagusa, unasubiri, ndipo inaitikia. Julai 2013 ikatoka Android 4.3, na tableti ileile ikachangamka. Novemba 2014 ikaja Android 5.0, na kifaa kilekile kikalemewa kiasi kwamba baadhi ya watu walirudi toleo la 4.4 kwa mikono yao. Hakuna kipuri hata kimoja kilichobadilika katikati.

Kwa hiyo anayeuliza kama simu yake itakuwa nyepesi akiisasisha, kwanza ajue inakwama wapi. Mara nyingi ni moja kati ya sehemu tatu: hifadhi, RAM au betri.

Tuanze na hifadhi, maana ndiyo husahaulika. Chipu ya hifadhi ya simu haiwezi kuandika juu ya data ya zamani bila kuifuta kwanza. Tena huandika kipande kidogo kidogo, lakini hufuta bloku nzima yenye vipande vingi kwa mpigo mmoja. Unapofuta video, mfumo unaiondoa kwenye orodha yake tu. Chipu yenyewe haijaambiwa, hivyo inaendelea kuitunza ile data na kuihamisha kila inapotafuta bloku ya kusafisha. Ni kama mtunza stoo ambaye hajapewa taarifa ya mzigo ulioshauzwa: akitaka nafasi, anahamisha magunia ambayo hayana mwenyewe. Hifadhi ikikaribia kujaa, bloku tupu zinaadimika na kila kinachoandikwa kinasubiri usafi ufanyike kwanza. Ndiyo sababu simu inaganda hasa wakati picha za kikundi cha WhatsApp zinaingia huku Play Store inasasisha programu nyuma yake.

Android 4.3 ilileta amri ya TRIM. Simu ikiwa imetulia na iko kwenye chaji, mfumo unaitajia chipu sehemu zote zisizotumika tena, nayo inazisafisha kabla hazijahitajika. Hicho ndicho kilichoiokoa Nexus 7. Kazi hiyo hufanyika hadi leo kwenye simu za Android, na wakati wake wa kawaida ni usiku. Mtu anayechaji mchana huku anatumia simu, kisha anaizima akilala, anaikosesha simu nafasi ya kujisafisha.

Android 5.0 nayo ilibadilisha namna programu zinavyoandaliwa. Matoleo ya nyuma yalitafsiri msimbo wa programu kwenda lugha ya prosesa kidogo kidogo wakati inatumika. Toleo la 5 lilitafsiri programu nzima siku inaposakinishwa. Kwenye kifaa kipya chenye nafasi, programu zilifunguka upesi zaidi. Lakini faili zilizotafsiriwa ni kubwa, na mwonekano mpya ulikuja na vivuli na miondoko mingi zaidi. Kwa kifaa cha GB 1 chenye hifadhi ya taratibu, huo ulikuwa mzigo wa ziada. Mwaka 2016 Android 7.0 ilichukua njia ya kati: inatafsiri kwanza sehemu unazozitumia sana, tena simu ikiwa imelala kwenye chaji.

RAM haina mengi ya kueleza. Ikijaa, Android hufunga programu za nyuma, na ukizirudia zinaanza upya. Sasisho kubwa likiongeza huduma zinazokaa kwenye RAM daima, simu ya GB 2 inabaki na nafasi ndogo kuliko jana. Google ililitambua hili, ikatoa toleo jepesi la Android Go pamoja na Android 8.1 mwezi Desemba 2017, kwa simu zenye RAM ya GB 1 au chini. Simu nyingi za bei nafuu za itel na Tecno zinazouzwa Afrika Mashariki zinatumia toleo hilo. Lakini hata Go imepanda: kuanzia Android 13 kiwango cha chini ni GB 2.

Upande wa iPhone kuna mfano mzuri wa sasisho lililotengenezwa kwa ajili ya simu za zamani. iOS 12, iliyotoka Septemba 2018, ilizifikia simu hadi iPhone 5s ya mwaka 2013. Kwa iPhone 6 Plus, Apple ilisema programu zingefunguka hadi asilimia 40 haraka zaidi na kamera hadi asilimia 70. Siri yake kubwa ilikuwa kwenye prosesa. Awali ilipanda mwendo polepole inapopata kazi. iOS 12 iliifanya ipande hadi juu mara moja, imalize, kisha ishuke haraka ili isile chaji.

Betri ndiyo mtihani ambao sasisho haliwezi kuufaulu. Betri ikichakaa, upinzani wake wa ndani huongezeka. Prosesa ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, volti zinaanguka na simu inazima ikiwa bado inaonyesha asilimia 30. Mwanzoni mwa 2017 Apple iliweka ndani ya iOS 10.2.1 utaratibu wa kupunguza mwendo wa prosesa kwenye simu zenye betri za namna hiyo, na ikalieleza jambo hilo wazi Desemba mwaka huo, baada ya watu kupima simu zao na kuona kasi imeshuka. Ikapunguza bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Waliobadilisha walirudishiwa kasi bila kugusa mfumo. Kama simu yako inazima ghafla au chaji inaruka kutoka 40 hadi 15, nunua betri kwanza; kwenye iPhone angalia afya ya betri ndani ya Mipangilio, na chini ya asilimia 80 ni wakati wa kubadilisha.

Ukishajua tatizo si betri, fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu au Mfumo, utafute masasisho ya mfumo. Kabla ya kubonyeza, acha angalau asilimia 15 hadi 20 ya hifadhi ikiwa tupu. Kwenye simu ya GB 32 hiyo ni kama GB 5 hadi 6, na mara nyingi zinapatikana kwa kuhamisha video za WhatsApp kwenda kwenye kompyuta au memori kadi. Sasisho kubwa laweza kuzidi GB 1, kwa hiyo tumia Wi-Fi kuliko bando la siku. Chaji ifike nusu au zaidi na simu ibaki kwenye waya. Umeme ukikatika na betri ikaisha katikati ya kuandika mfumo, simu inaweza kubaki inawaka na kuzima kwenye nembo tu. Weka nakala za picha, namba za watu na mazungumzo ya WhatsApp nje ya simu. Na fikiria vizuri, kwa sababu kurudi nyuma ni kugumu: Apple huacha kuidhinisha matoleo ya zamani ya iOS, na simu nyingi za Android hukataa toleo lililo chini ya lililopo.

Siku ya kwanza na ya pili simu itapata joto na kuburuta. Usiihukumu bado, inaandaa programu upya na kupanga picha. Iache kwenye chaji na Wi-Fi usiku mmoja au miwili. Ikiendelea kukwama baada ya hapo, kuirudisha kwenye hali ya kiwandani husaidia kuliko programu yoyote ya "kusafisha RAM", kwa kuwa huondoa masalio ya matoleo yaliyopita. Hakikisha unakumbuka nenosiri la akaunti yako ya Google. Ukifuta kupitia vitufe vya pembeni, simu itakudai akaunti hiyohiyo kabla ya kufunguka.

Kwa simu ambayo kampuni imeshaiacha, njia iliyobaki ni kuiflashi, yaani kuiandikia mfumo mwingine usio wa kampuni, kama LineageOS, Android ya watu wa kujitolea iliyorithi kazi ya mradi wa CyanogenMod uliofungwa mwishoni mwa 2016. Galaxy S5 ya mwaka 2014, yenye RAM ya GB 2, ilikomea Android 6.0.1 kwa Samsung, lakini LineageOS 18.1 iliifikisha Android 11. Hapa ndipo watu wengi huua simu kwa kutosoma kibandiko. SM-G900F ina chipu ya Snapdragon 801. SM-G900H inafanana nayo kwa sura, lakini ndani ina chipu ya Exynos. Faili ya moja haiifai nyingine. Soma namba ya modeli ndani ya Mipangilio au chini ya betri, usiamini kava la nyuma maana huenda lilishabadilishwa.

Kuflashi kunaanza kwa kufungua butiloda, programu ndogo inayouwasha mfumo, na hatua hiyo hufuta kila kitu kilichomo. Kwenye simu nyingi za Samsung, kuweka mfumo usio rasmi hukata pia fyuzi ya Knox, ulinzi wa Samsung, ambayo hairudi tena. Tumia waya mzima wa USB, maana waya uliolegea ukikatisha uandishi katikati huacha mfumo nusu. Na ukichagua nyongeza za Google, yaani Play Store na wenzake, chukua kifurushi kidogo. Kifurushi kikubwa kitairudishia simu mzigo uleule unaoukimbia.

Baada ya hapo baadhi ya programu za benki na za malipo zitagoma kufunguka, kwa sababu hukagua kama butiloda imefunguliwa. Huduma ya M-Pesa kwa menyu haikagui chochote cha namna hiyo: *150*00# kwa Vodacom Tanzania na *334# kwa Safaricom hupita kwenye laini na mtandao wa simu, si kwenye Android. Jaribu menyu hiyo na kupiga simu moja mara tu mfumo mpya unapowaka, kabla hujaanza kurudisha picha na programu. Laini isiposoma, ni rahisi zaidi kurudia kazi wakati simu bado iko tupu.