Eti jina halisi linamaliza matusi mtandaoni?
Wengi bado wanaamini ukilazimisha kila mtu atumie jina la kitambulisho basi matusi yanaisha, wapi! Korea Kusini walijaribu 2007, saiti kubwa zikadai namba ya kitambulisho kabla hujakomenti, halafu 2011 wadukuzi wakabeba data za watu kama milioni 35, na 2012 mahakama ya katiba ikaifuta sheria yenyewe, ikasema haikuonekana kupunguza uchafu kivile.

Na jina halisi ni lipi kwanza? Mwandishi maarufu Salman Rushdie, 2011, Facebook walimgeuza Ahmed, jina la kwanza la pasipoti ambalo hakuna anayemwitia, akalalamika Twitter weee ndo wakamrudishia la kwake. Sasa aliyejificha mume mkorofi asimpate, yeye atalalamika wapi?