Kuandika tarehe ya kuzaliwa si kuthibitisha umri

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu ya wazazi miaka nenda miaka rudi: "Msiwe na wasiwasi, mtoto wa chini ya miaka 13 hawezi kufungua akaunti, mtandao wenyewe unamkataa." Anayeusambaza kwa kawaida ana nia njema. Lakini si kweli.

Jaribu mwenyewe. Fungua ukurasa wa kujisajili wa mtandao wa kijamii, fika pale wanapouliza tarehe ya kuzaliwa, kisha sogeza mwaka hadi 1950. Mara nyingi utaruhusiwa kuendelea, hakuna anayekuuliza mvi ziko wapi. Mtoto anayejua hesabu ya kutoa hashindwi kufanya hivyo. Zipo huduma zinazodai kitambulisho au kukadiria umri kwa picha ya uso, ila nyingi bado zinaamini tu ulichoandika.

Mkanganyiko unatokana na hiyo 13 yenyewe. Watu huidhani alama ya usalama, kama ile ya umri kwenye filamu. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kukusanya taarifa za mtoto wa chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi. Inahusu taarifa zake. Haisemi kwamba akifika 13 kila atakachokiona kinamfaa.

Toleo lingine la ujumbe huo huambatanisha linki ya "kuhakiki umri wa mwanao" kwa picha ya cheti cha kuzaliwa. Hiyo usiifungue kabisa. Ukiupokea, ufute, usiusambaze. Na aliyekutumia mweleze taratibu, faraghani.