Maji ya Chumvi Hayaui Vijidudu

"Haya ya kisimani hayana neno, yana chumvi." Tukizuru nyumba za Kisauni na Likoni, hapa Mombasa, jibu hilo twalipata kila tukiuliza maji ya kunywa yametibiwa vipi. Chumvi ya kisima kazi yake ni kuharibu chai tu. Haiui vijidudu vya homa ya matumbo, na vya kipindupindu ndio kwanza hustawi kwenye maji ya chumvichumvi.

Mji wetu umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Mwamba huo umejaa matundu na hauchuji maji vizuri kama udongo, kwa hivyo choo cha shimo kikiwa jirani na kisima, kilichozama huku chaweza kutokea kule, hata maji yameremete vipi. Yachemshe mpaka yatokote dakika moja. Au tia klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje nusu saa. Yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Lakini kazi haijaisha. Siku moja nilimtazama mama akichemsha maji vizuri kabisa, akayapoza, akayamimina mtungini. Punde mtoto akatoka chooni mbio, akachukua kikombe, akachota, vidole vyote vinne ndani. Makaa yamekwenda bure! Afadhali ndoo ya mfuniko na mfereji wake, au kata ya mkono mrefu inayotundikwa ukutani. Na sabuni ikae karibu na choo, si kufichwa kabatini ikingoja wageni.

Pipa la akiba nalo lina mambo yake. Mbu wa dengi na chikungunya (ile iliyowakunja watu viungo hapa Mombasa mwaka wa 2018) hutaga kwenye kuta za pipa, juu kidogo ya maji, na mayai yake hustahimili ukavu miezi kadhaa. Kumwaga maji pekee hakutoshi: sugua kuta kwa brashi kila wiki, kisha ufunike. Huuma mchana, kwa hivyo usitegemee chandarua cha usiku peke yake.

Mtoto akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari ya paketi kutoka zahanati. Ukikosa, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anyonye kama kawaida. Macho yakibonyea, au akishindwa kunywa, usingoje kupambazuke.